Mwali wa Jazi

Binti yangu aliponiambia anataka kusomea jazi nilifurahi, nikasema mtoto kapata akili. Kwetu Temeke jazi ni bendi. Magita yanajibizana, tarumbeta zinalia, wanaume wamechomekea, wanawake wako kwenye visigino, na watu wanacheza dansi kwa heshima zao. Marehemu baba alikuwa na shati la dansi ambalo hata mama hakuruhusiwa kulipiga pasi. Basi nikaenda kuwatangazia wenzangu kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakowatunza babu na bibi za watu, kwamba mwanangu kamrithi babu yake.

Kumbe wapi! Siku niliyompitia mapema kwenye ukumbi wao, nyuma ya soko la Walthamstow, huku London, nilichungulia kwenye kioo cha mlango nikamkuta kalala chali, mguu mmoja uko usawa wa sikio. Mara kainuka kama aliyepandwa na siafu, karusha mikono, kateleza kwa magoti mpaka ukutani. Nilijisemea, haya, hii ndiyo jazi ya huku. Tulinunua mihogo tukarudi nyumbani.

Lakini aliipenda, na alikuwa haipendi kwa mdomo tu. Alikuwa na chuo kimoja alichokuwa akikiota, chuo cha dansi, upande wa pili wa mto. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia alikwenda kufanya majaribio pale wakamrudisha. Walimwambia anacheza safi, kila kiungo kiko mahali pake, ila mwili wake hauwaambii kitu. Maneno hayo yalimwingia. Alilia mpaka mimi niliyekuwa nimejiandaa kusema "si nilikwambia" nikashindwa, nikamkandia chapati.

Chuo kilimruhusu ajaribu mara moja zaidi, basi. Na mimi, kwa kujifanya mama mwenye msimamo, nikamwekea sharti: akikosa na safari hii, dansi itakuwa ya harusini tu, atatafuta kitu kingine cha kusomea. Akakubali. Tukapeana mikono jikoni, watu wazima wawili wamekubaliana. Kwa hiyo mjue kabisa kilichokuwa mezani, maana yote yaliyofuata yalitokana na hapo.

Mwalimu wake ni baba mmoja mwembamba. Wazazi wake walitoka Jamaika, yeye kazaliwa hapahapa London. Magoti yote mawili kayafunga bendeji, kwa sababu ujanani alikuwa akicheza jazi kwenye klabu za huku, vijana wanaingia katikati mmoja mmoja wanashindana mpaka soli zinatoboka. Jumamosi moja mchana alituita wazazi, ili na sisi tujue hii dansi ambayo watoto wetu wanaisomea imetoka wapi. Nilikwenda na sare yangu ya kazini, nikakaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Nilidhani ataongea kidogo, tutapewa juisi, tutaondoka.

Akaanza kwa kusema kwamba jazi haikuzaliwa jukwaani. Walioizaa ni watu walioibwa Afrika, upande wa magharibi na Kongo, wakapelekwa Amerika kulima mashamba ya wengine. Huko, sehemu nyingi, mabwana wakapiga marufuku ngoma. Waliogopa ngoma inasema, na ikisema watu watainuka. "Sasa wewe," akatuuliza, "ukinyang'anywa ngoma unafanyaje?" Akaanza kujipiga mapaja, kifua, viganja, huku nyayo zinajibu chini, na ule ukumbi wenye harufu ya dawa ya sakafu ukajaa ngoma bila ngoma. Hapo mkoba niliuweka chini.

Akaeleza jinsi walivyocheza magoti yakiwa yamelegea na mwili umeinama kuelekea ardhini, wakati mabwana zao wa Kizungu wakicheza wamenyooka, wanataka kupaa. Akaeleza jinsi mguu unavyoweza kufuata pigo moja, bega likafuata jingine, na mtu mmoja akawa watu watatu. Kisha akatusimulia habari za keki. Watumwa walikuwa wakiigiza mabwana na mabibi zao wanavyotembea kwa maringo, kidevu juu, mgongo nyuma. Mabwana wakatazama, wakafurahi, wakawa wanatoa keki kwa atakayewashinda wenzake, hawajui kwamba wanaochekwa ni wao.

Mimi hapo nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wazazi wengine walitabasamu kistaarabu, mimi nacheka na machozi yananitoka. Kumbe ni watu wetu hawa! Kumsema mtu mbele ya macho yake na yeye akakupigia makofi, si ndiyo kazi ya khanga hiyo? Bibi zetu wangapi wamevaa tusi kiunoni wakapita mbele ya mke mwenza wakiwa wanamsalimia!

Sasa ndiyo yakatokea. Mwalimu akasema, "Simameni wote. Kichwa kitulie. Mabega yatulie. Magoti legeza. Kiuno peke yake." Baba mmoja Mwingereza, mtu mrefu kama mlango, alijaribu akazunguka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Watu wakacheka. Na mimi mwili wangu ukaenda wenyewe. Sikuuamuru. Kiuno kikazunguka duara moja, taratibu, mabega hayana habari, na mwalimu akanyoosha kidole: "Yule! Mtazameni yule mama!"

Binti yangu, aliyekuwa mbele na wenzake, akageuka, akaniona.

Weee! Nilihisi kama nimekutwa bafuni. Nikaokota mkoba, nikatoka mbio, koti nimelisahau kwenye kiti.

Ngoja niwaeleze, maana asiyetoka kwetu ataona nimeruka akili. Kwetu sisi Wazaramo binti akishakua anafundwa. Anaitwa mwali, anakaa ndani, na anatafutiwa kungwi, mwanamke mzima mwenye sifa, ambaye ndiye atakayempa yote: usafi, adabu, namna ya kukaa na watu, na ngoma za wanawake, kikiwemo hicho kiuno. Mama mzazi hukaa kando. Ngoma inalia ukutani na yeye yuko uani anachambua mchele kama hasikii. Wanaume ndio kabisa, hawasogei. Mama kumchezea kiuno mtoto wake wa kumzaa, tena kadamnasi ya baba za watu, hiyo ni aibu ambayo hata jina haina. Na binti yangu sikumweka ndani. Ningemweka ndani ya nini? Flati la ghorofa ya pili Walthamstow? Shule ingeniletea serikali mlangoni.

Alinikuta sokoni, kati ya meza ya ndizi na meza ya vitambaa, koti langu mkononi, macho mekundu. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote, lakini akijibu anajibu Kiingereza, na akikasirika Kiingereza chenyewe kinakwenda kama treni.

"Umeona aibu kwa ajili yangu," akasema. "Mbele ya kila mtu."

"Sikuona aibu kwa ajili yako, mwanangu. Nimeona aibu kwa ajili yangu."

Nikamweleza hayo niliyowaeleza nyinyi. Muuza vitambaa akaacha kukunja akawa anatusikiliza, ingawa sijui alielewa nini. Binti yangu akaanza kunihoji kama wakili.

"Kwa hiyo unakijua. Kile wanachosema mimi sina, wewe unacho."

"Ninacho."

"Na hutanifundisha."

"Siwezi. Siyo sitaki, siwezi."

"Basi nani anaweza?"

Hasira zilinipanda, kisha zikashuka, maana swali lilikuwa la haki. Mtoto anatafuta kitu, kipo nyumbani kwake, na mimi nimekikalia.

Ilford, hukuhuku London, kuna bibi mmoja wa kwetu aliyeletwa na mwanawe baada ya kufiwa na mume. Nilikutana naye kwenye hitima, nikaambiwa kwa kunong'onezwa kwamba alikuwa kungwi wa kuogopwa, mabinti wa mitaa mitano wamepita mikononi mwake. Ukimwona hutaamini. Mfupi, mpana, miguuni raba za mjukuu wake, mchana kutwa anatazama mieleka kwenye televisheni na kuwatukana waamuzi. Nyonga moja wamembadilishia hospitali. "Wamenitia chuma," alisema tulipokwenda, "na chuma hakina ngoma. Hii nyingine inafanya kazi ya mbili."

Nilimpelekea doti ya khanga na udi, kama inavyotakiwa. Binti yangu akapiga goti, akasema shikamoo kwa lafudhi yake ya kwenye simu. Bibi akamkagua juu mpaka chini.

"Mwali ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, Bibi," nikajibu.

"Lo! Huyu keshafundwa na simu zamani. Umeniletea mwali au umeniletea mjumbe wa nyumba kumi?"

Lakini alikubali. Nilimwona macho yamechangamka. Mtu aliyewahi kuwa na kazi ya heshima, akaja kukalishwa kwenye sofa na kuambiwa apumzike, ukimwambia kuna kazi anafufuka.

Jumapili mchana mwanawe akawa anamleta kwa gari mpaka mlangoni kwetu. Jumapili ya kwanza alikuja na ngoma ndogo kaificha kwenye mfuko wa dukani. Hakupiga hata dakika tano, babu wa flati la chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Bibi akatazama sakafu. "Huyo ana wazimu?" Nikamwambia hapana, huku ndivyo watu wanavyopigiana hodi. Basi akaniomba beseni. Akaligeuza juu ya blanketi lililokunjwa, akalipiga kwa vidole, likatoa mlio mzito wa chinichini ambao babu hakuusikia, au aliusikia akaupenda, maana hakugonga tena.

"Haya, mama mwali," akaniambia. "Jikoni."

"Bibi, hii sebule yangu."

"Jikoni na mlango ufunge."

Nikaenda. Kwenye nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe nikawekwa jikoni kama mpangaji. Nilikosha sufuria zilizokwisha koshwa. Nilisikia beseni, nilisikia bibi akisema "legeza, legeza, wewe mti?", nilisikia binti yangu akicheka cheko ambalo tangu arudishwe na kile chuo sikuwahi kulisikia. Mlango sikuufungua. Ila siwezi kusema nilisimama kama mlingoti, beseni lile lilikuwa likijua linachokifanya.

Mambo yakaharibika Jumapili moja wakati mambo yanaanza kunoga. Katika mazungumzo, mtoto bila hata kufikiri akamwambia bibi kwamba watakaomtazama kwenye majaribio ni jopo, na kwenye jopo kuna wanaume. Mlango wa jikoni ukafunguka. Bibi kasimama, khanga kaifunga kiunoni kwa shari, beseni langu kwapani.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, Bibi. Nilidhani na wewe unajua. Ni majaribio ya chuo."

"Mimi nilijua anataka kufundwa! Sikujua nafunda mtu wa kwenda kuvuliwa nguo."

"Hakuna anayevuliwa nguo, Bibi."

"Ya ndani ukiyatoa nje umevua nguo. Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu. Huku si kwetu, na hao si wa kututunza."

Akateremka ngazi akijishikilia, hataki mkono wa mtu, na beseni akaondoka nalo. Nilipiga simu jioni, akakata. Nikapiga kesho yake, akapokea mjukuu akasema Bibi anasema hayupo. Siku za majaribio zinakaribia, mtoto hali vizuri, anacheza chumbani bila muziki, nasikia miguu tu. Na lile sharti nililoliweka kwa kinywa changu mwenyewe likaanza kuniwasha. Nilikuwa nimetaka awe na akili ya maisha, haya, sasa nitaipata hiyo akili ya maisha, na mwanangu nitamkosa. Nilimchukia bibi, nikamchukia mwalimu, nikajichukia na mimi kidogo.

Kilichofuata alinisimulia bibi mwenyewe baadaye kwa simu, kwa hiyo kina chumvi yake.

Binti yangu alipanda basi peke yake mpaka Ilford na ndoo ya kuku wa kukaanga, kwa kuwa alikwisha jua udhaifu wa bibi. Akamkuta kwenye mieleka. Akakaa chini kwenye zulia, akaanza kumwelezea kwa Kiswahili chake cha kuokotezaokoteza, lakini Kiswahili, habari za wale watu wa kule Amerika. Kwamba waliibwa. Kwamba walikatazwa ngoma. Bibi akamkatiza.

"Waliwanyang'anya ngoma zote?"

"Sehemu nyingi, Bibi."

"Na makungwi wao je?"

"Makungwi?" mtoto akauliza.

"Nauliza, mabinti zao nani aliwafunda? Wamechanganywa makabila, mama kauzwa huku, shangazi kauzwa kule. Nani alimwambia binti, kaa hivi, cheza hivi?"

"Sijui, Bibi. Labda walitazamana tu. Mashambani. Jikoni."

Bibi anasema hapo alizima televisheni, na mwanawe alikuja mbio kutoka chumbani akidhani umeme umekatika. Bibi akaendelea kutafuna mfupa wa kuku. Halafu, kwa kuwa si mtu wa kushindwa kirahisi, akarudia methali yake: mcheza kwao hutunzwa.

"Bibi," binti yangu akamwambia, "mimi nimezaliwa huku. Kwetu ndiyo huku. Sasa mimi nikacheze wapi?"

"Mtoto wako ana mdomo," bibi aliniambia kwenye simu. "Kautoa wapi?"

Nikaisogeza simu mbali na mdomo. Nilikuwa nalia na sikutaka ajue.

Jumapili bibi akarudi, na beseni langu, na masharti mapya. Aliyasema amesimama, kabla hata ya kuvua koti. Ya ndani yatabaki ndani, na mwali atakula kiapo. Mbele ya wanaume wale hachezi hata kimoja alichofundishwa na kungwi wake. Lakini pigo atampa, kwa sababu pigo halina siri, hata mvua inalo. Na kulegea atampa, na kusikiliza atampa. "Hatua atatafuta mwenyewe," akasema. "Kama wale walivyotafuta. Wewe, jikoni."

Basi tukaendelea hivyo. Mwalimu wake alikuja kuambiwa, akafurahi sana, akataka kuja kumsalimia bibi. Bibi akasema asogee na magoti yake mpaka mlango wa nje, si zaidi. Walisalimiana kwenye ngazi, mmoja anapiga beseni, mwingine anapiga mapaja, na babu wa chini akatoka na kikombe cha chai kutazama. Binti yangu naye katika wiki hizo alikuwa haishi kunikalia jikoni. Napika yeye yupo, naosha yeye yupo, kakaa kwenye kiti kule pembeni kajikunyata. Nikimuuliza unataka nini, anasema hakuna. Nilidhani ni woga wa majaribio, nikawa namwongezea nyama.

Siku yenyewe ikafika. Nilidhani tutakwenda wawili. Nafungua mlango, bibi huyu hapa, koti la baridi juu, khanga mpya juu ya koti, beseni kwenye mfuko.

"Mwali hatoki nje bila kungwi," akasema, akatangulia.

Kule chuoni mapokezi alikuwapo dada mmoja mpole, akatueleza kwamba wanaoingia ni wanaojaribiwa tu. Bibi akauliza dada anasemaje. Nikatafsiri. Bibi akasema mwambie nimetoka Temeke. Nikakataa kutafsiri. Hapo binti yangu akasogea mezani, akasema bila kupepesa, "Huyu ni mpiga ngoma wangu." Dada akatazama karatasi yake, na kumbe inaruhusiwa, ukitaka unaweza kuja na mpigaji wako. Akatazama beseni. Akaandika.

"Na mimi?" nikauliza.

Dada akanionyesha kiti ukutani. Bibi alinicheka waziwazi akipita na raba zake.

Nikakaa. Mbele yangu mlango umefungwa, mwanangu yuko ndani, kungwi yuko ndani, mimi niko nje. Kule kwetu mama angekuwa na mchele wa kuchambua. Mimi sikuwa na kitu, nikawa nafungua na kufunga zipu ya mkoba mpaka dada wa mapokezi akanitazama.

Kwanza kimya. Kisha beseni, taratibu. Nyayo zikaingia. Viganja. Halafu nikasikia kicheko. Watu wanacheka! Mtu wa pili akadakia, wa tatu. Nilisimama, mkono ukafika kwenye kitasa. Wanamcheka mwanangu. Alilala mwaka mzima na maneno yao kifuani, leo wanamcheka usoni. Nilishika kitasa kile mpaka kikapata joto, lakini sikukizungusha, na sijui kama ni heshima ya chuo au ni heshima ya mila iliyonizuia. Kicheko kikakatika. Kikawa kimya kirefu, nyayo peke yake, ndogondogo. Na katikati ya kimya kile, bibi akapiga kigelegele.

Kigelegele cha Kizaramo! Kwenye majaribio! Mpaka kioo cha mapokezi kikaitika. Nikarudi kwenye kiti nikainamisha kichwa. Nikasema kwisha, bibi kamuua mtoto.

Mlango ulipofunguka alitoka yeye kwanza.

"Chai inapatikana hapa?"

"Bibi, wamecheka nini?"

"Kilichochekesha."

"Kacheza nini?"

Akakaa taratibu, akainyoosha ile nyonga ya chuma, akanitazama kwa raha.

"Kakucheza wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Barabara. Mpaka unavyoshusha pumzi."

Jamani, nilighadhibika! Safari nzima ya garimoshi kurudi Walthamstow nilikuwa nasema, na Kiswahili kilikuwa hakinitoshi. Nimekubeba, nimekulea, nimekesha na wazee wa watu ili wewe unibebe unipeleke mbele ya wazungu wakanicheke? Bibi alikuwa anatazama matangazo ya ukutani kama hatujui. Binti yangu akasema haikuwa hivyo. Nikamwambia basi nionyeshe ilikuwaje. Akasema haonyeshi. Akipita nitaona. Akikosa, hakuna atakayeiona tena.

Zile wiki za kusubiri zilikuwa adhabu. Nilikuwa nakwenda ndani ya nyumba yangu kama mgeni. Nikishika mfuko najiuliza, hivi ndivyo ninavyoshika? Nikikaa, najitazama nilivyokaa. Nikakumbuka mabibi wa mashambani walioigizwa hawajui, na keki yao, nikasema leo bibi wa shamba ni mimi. Kazini mzee mmoja aliniuliza kwa nini natembea kama niliyemeza rula.

Jibu lilikuja mchana, mimi nimetoka zamu ya asubuhi, namenya viazi. Nilisikia ukelele chumbani, nikajua ama ni hivi ama ni vile, nikazidi kumenya. Akatokea mlangoni simu imeshikiliwa kwa mikono miwili.

"Wamenichukua."

Kisu kiliangukia wapi sijui. Tulirukaruka, tukalia, nikapiga vigelegele mpaka babu akagonga na ufagio wake, na kwa mara ya kwanza nami nikamgongea kwa mguu. Tukampigia bibi, bibi akasema alijua, akarudi kwenye mieleka.

Nilipopata pumzi nikavuta kiti. "Haya. Nionyeshe."

Akasita. Kisha akatoka nje ya mlango wa jikoni, akaufunga, nikabaki natazama mlango. Ukafunguliwa kwa bega. Akaingia mwanamke ana mifuko miwili mizito isiyokuwapo. Akaiweka chini kwa kishindo kimoja. Akavua kiatu kwa kukikanyaga kisigino na mguu wa pili, akashika kiuno kwa nyuma, akashusha pumzi ndefu yenye sauti, na mimi nikaangua kicheko, maana nilimjua. Ndipo walipocheka wale, naona. Yule mwanamke akajikokota mpaka kwenye sinki. Akafungua maji. Akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akatazama dirishani.

Na kiuno kikaanza. Chinichini, magoti yamelegea, mabega hayana habari, mikono inaendelea kukosha sahani moja baada ya nyingine. Hakikuwa cha bibi. Kiapo mtoto alikitimiza. Kilikuwa changu, lile duara nililopewa Temeke mlango ukiwa umefungwa, na ambalo ningeapa mbele ya kadhi kwamba mtoto huyu hajawahi kuliona.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mdogo. Nilikuwa nakaa pale kwenye korido," akasema. "Nilidhani kila mama anaosha vyombo hivyo."

Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Miaka yote hii nimejihesabu mtu aliyechoka, mtu wa zamu na basi na miguu kuvimba. Na yule mwanamke kwenye sinki alikuwa amechoka kweli, lakini alikuwa na raha zake, mtu mzuri, anayejipenda. Sikuwahi kukutana naye.

"Huyo ndiye mimi?"

"Kila siku, Mama."

Nikamwambia arudie tena, aanzie mlangoni.